Jinsi ya kulielewa neno "fine" la Kiingereza na kulitafsiri bila kupotosha

Mchimbaji mdogo mmoja kutoka Chunya alikuja kwangu akiwa ameshika stakabadhi ya mauzo ya dhahabu, akataka nimsaidie kuandika barua ya malalamiko. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mistari iliyomuumiza ilikuwa mitatu: wa kwanza uliandikwa "Gross weight 62.4 g", wa pili "Fineness 910", na wa tatu "Fine weight 56.8 g". Yeye alilijua neno "fine" kwa maana moja tu, yaani faini, kwa hiyo alikuwa amehesabu kwamba gramu 5.6 za dhahabu yake zimekatwa kama adhabu, na alichotaka ni kuelezwa kosa alilolitenda. Hakukuwa na faini yoyote. Mistari ile ilisema kwamba mzigo wake mzima ulikuwa na uzito wa gramu 62.4, kwamba katika kila sehemu 1,000 za mzigo huo sehemu 910 zilikuwa dhahabu na zilizobaki zilikuwa madini mengine, na kwamba kwa hesabu hiyo dhahabu tupu ilikuwa gramu 56.8.

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuwatafsiria watu karatasi zao, na neno hili limeniletea maswali mengi kuliko maneno mengine yote mafupi ya Kiingereza. Dereva wa lori wa Tunduma huniuliza, mwanakwaya huniuliza, na kijana anayetembeza wageni kutokea Iringa kwenda Ruaha huniuliza pia. Kwa kuwa maswali ni yaleyale, nimeona niuandike utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe, ili msomaji aweze kuutumia bila kunisubiri.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Uwe na sentensi nzima ambamo neno limetumika, na ikiwezekana karatasi yenyewe, kwa sababu neno likinakiliwa peke yake halitafsiriki. Uwe na kamusi mbili: moja ya Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI, na nyingine ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, kwa kuwa hiyo ya pili hutoa sentensi za mfano. Uwe na daftari na kalamu. Zaidi ya hayo, umjue mtu mmoja anayefanya kazi inayozungumzwa katika karatasi hiyo, awe fundi mwashi, karani wa chai au mwalimu wa kwaya. Nitaeleza mbele kwa nini mtu huyo ana manufaa.

Simu yenye programu ya kutafsiri inaweza kukusaidia, ila usianze nayo. Ukiiandikia neno moja itakupa jibu moja, na jibu hilo litakufunga macho usione maana nyingine.

Hatua ya 1: Nakili sentensi yote

Andika sentensi katika daftari kama ilivyo, pamoja na herufi kubwa, nukta na tarakimu zake. Ikiwa neno limo katika jedwali au katika stakabadhi, nakili pia mistari iliyo juu na chini yake. Yule ndugu wa Chunya alikuwa ameusoma mstari wa tatu tu. Angeusoma ule wa pili, wenye "Fineness", angeshtuka mapema kwamba faini haina kipimo cha sehemu kwa elfu.

Hatua ya 2: Tambua neno linafanya kazi gani katika sentensi

Neno hili laweza kuwa nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi, na umbo lake halibadiliki sana. Zipo dalili chache ambazo hazidanganyi mara nyingi.

Likitanguliwa na "a" na kisha lisifuatwe na nomino nyingine, kama katika "He paid a fine", ni nomino, na maana yake ni faini. Likiwa "fined", ni kitenzi: mtu ametozwa faini. Mpangilio wa kitenzi hiki ni wa kudumu, yaani anatajwa mtu, kisha kiasi, kisha "for" na kosa: "The driver was fined 50,000 shillings for overloading", dereva alitozwa faini ya shilingi 50,000 kwa kuzidisha mzigo. Likikaa mbele ya nomino, kama katika "fine sand", au baada ya "is", "am" na "are", kama katika "The child is fine", ni kivumishi. Likifuata kitenzi cha kutenda, kama katika "The pump works fine", ni kielezi chenye maana ya vizuri.

Hapa jihadhari na kosa ambalo nimelikuta hata kwa walimu. Alama "a" peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mbele yako pana faini. "A fine" ni faini, lakini "a fine house" ni nyumba nzuri. Soma neno moja zaidi kabla ya kuamua.

Hatua ya 3: Litazame neno jirani, kisha tafuta kinyume

Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote, nayo inawahusu wale waliokuta kwamba neno ni kivumishi. Usijiulize "fine" maana yake nini. Jiulize: katika sentensi hii, kinyume cha "fine" kingekuwa kipi? Kinyume ndicho kitakachokuonyesha neno la Kiswahili.

Chukua unga. "Fine flour" kinyume chake ni unga wenye chenga, kwa hiyo hapa "fine" ni laini. Ukisema "unga mzuri" umekosea, maana unga waweza kuwa laini na bado ukawa umeota ukungu. Nenda kwa mafundi wa ujenzi: "coarse aggregate" ni kokoto, na "fine aggregate" ni mchanga; hakuna anayeusifu mchanga hapo, ni ukubwa wa punje unaotajwa. Nenda Mufindi kwenye chai, ambako utasikia "fine plucking". Kinyume chake ni "coarse plucking", uchumaji unaochukua hata majani yaliyokomaa. Kwa hiyo "fine plucking" ni uchumaji wa majani machanga, majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukitafsiri "uchumaji mzuri", mchumaji hatajua achume nini na aache nini, na tafsiri isiyomwelekeza mkono mtu anayesimama shambani na kikapu mgongoni haijamfaa kitu.

Uzi au waya ukiitwa "fine", kinyume chake ni mnene, kwa hiyo ni mwembamba. Maandishi yakiitwa "fine print", ni yale madogo yanayowekwa chini ya mkataba, na ninakusihi uyasome kuliko yote. "Fine arts" ni sanaa za ufundi, kama uchoraji na uchongaji.

Hali ya hewa inastahili maelezo ya ziada, kwa sababu sisi watu wa nyanda za juu tunaishi na ukungu na mvua. "Fine weather" ni hali ya hewa isiyo na mvua, anga limefunguka na jua linaonekana. Mkulima wa Rungwe aliyekwisha kupanda mahindi na anayeitazama mbingu hawezi kuiita hiyo hali nzuri, lakini Mwingereza ataiita "fine" hata hivyo, kwa kuwa kinyume anachokifikiria ni mvua. Sasa weka kando yake "fine rain". Hiyo ni mvua ya manyunyu, matone membamba yanayolowesha nguo bila kusikika juu ya bati. Basi "fine weather" haina mvua, na "fine rain" ni mvua yenyewe. Ni neno jirani lililoleta tofauti, na asiyelitazama atatafsiri zote mbili "nzuri" na kumpotosha msomaji wake.

Tumalizie na dhahabu. Katika stakabadhi, kinyume cha "fine" ni chenye mchanganyiko, kwa hiyo maana ni safi, au tupu. "Fineness" ni kiwango cha usafi kwa sehemu 1,000: dhahabu ya karati 24 ndiyo iliyo tupu, na ya karati 18 ina sehemu 750. Ili kupata uzito wa dhahabu tupu, zidisha uzito ghafi kwa kiwango cha usafi, kisha ugawe kwa 1,000. Kwa mchimbaji wetu ilikuwa 62.4 mara 910, gawa kwa 1,000, unapata 56.784, ambayo mnunuzi aliiandika 56.8. Bei ikitajwa kwa "fine ounce", jua kwamba ni aunsi ya dhahabu tupu, na aunsi hiyo ya madini ina takriban gramu 31.1, si gramu 28.35 za aunsi ya kawaida ya Kiingereza.

Onyo: wachimbaji wanaoosha mchanga mtoni husema pia "fine gold" wakiwa na maana ya dhahabu iliyo punje ndogondogo kama vumbi, ambayo hupotea upesi na maji. Maneno ni yaleyale mawili. Ukiona yanaambatana na uzito, kiwango au bei, ni usafi. Ukiona yanaambatana na karai, ungo au maji, ni udogo wa punje.

Hatua ya 4: Ikiwa ni mazungumzo, sikiliza ni swali gani linalojibiwa

Shuleni tulifundishwa kuitikia "Fine, thank you" kila tulipoulizwa hali, na wengi tuliishia hapo. Katika mazungumzo halisi neno hili hufanya kazi nyingine tatu.

Kazi ya kwanza ni kukataa kwa adabu. Mgeni akiulizwa "More tea?" akajibu "I'm fine, thank you", hajasema kwamba ni mzima wa afya, wala hajasema ndiyo. Amesema ametosheka. Vijana wengi wa kutembeza wageni humwaga chai kikombeni hapohapo, mgeni akabaki anakitazama kikombe. Tafsiri yake ni "Nimetosheka, asante", na ishara ya kukutambulisha ni kwamba swali lilihusu kupewa kitu.

Kazi ya pili ni kuruhusu au kukubali: "Is it fine if I pay tomorrow?" ni sawa na kuuliza kama hakuna shida nikilipa kesho, na "That's fine" ni "Sawa". Kazi ya tatu ni kukubali kwa kinyongo. Mtu akitamka "Fine!" kwa mkato na kugeuka, hajaridhika. Tunalo neno linalolingana nalo kabisa, nalo ni "Haya!" la mtu aliyechoka kubishana, na nashauri ulitumie hilo.

Lipo pia fungu la maneno "to cut it fine", linalosemwa kwa mtu anayefika stendi basi likiwa limewashwa. Maana yake ni kubakiza muda mdogo mno. Mzizi wa maana hapo ni wembamba, kana kwamba muda umekatwa ukabaki kipande chembamba.

Hatua ya 5: Ikiwa ni karatasi ya sheria, shika maneno yanayozunguka kiasi

Katika sheria maana haina fumbo: ni faini. Hatari iko pembeni yake. "A fine not exceeding" ni faini isiyozidi kiasi kilichotajwa. "A fine of not less than" ni faini isiyopungua kiasi hicho. Mtu akizibadilisha hizi mbili, atakuwa amemwambia mwenzake kwamba kiwango cha juu ni cha chini. Tena soma mwisho wa sentensi, kwa kuwa mara nyingi utakuta "or to imprisonment, or to both", yaani au kifungo, au vyote viwili pamoja. Nimemwona mtu aliyejiandaa kwa fedha peke yake kwa sababu aliyemsomea karatasi aliishia kwenye kiasi.

Usichanganye pia "fine" na maneno mawili yanayofanana nalo kwa sauti au kwa kazi: "fee" ni ada, na "fare" ni nauli.

Hatua ya 6: Rudi kwenye asili yake pale maana zinapokataa kukaa pamoja

Hatua hii ni fupi, na unaweza kuiruka ukiwa na haraka, lakini ndiyo inayojibu swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi: kwa nini neno moja libebe uzuri na adhabu pamoja?

Asili yake ni neno la Kilatini "finis", lenye maana ya mwisho au mpaka. Lilipita katika Kifaransa cha kale na kuingia katika Kiingereza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kivumishi: kitu kilichofikishwa mwisho wake ni kitu kilichokamilika, kilichokamilika ni bora, na madini yaliyosafishwa hadi mwisho ni matupu, kutoka kwenye ubora na usafi huo zikazaliwa maana za ulaini na wembamba. Njia ya pili ni ya mahakamani. Fedha iliyolipwa ili shauri lifike mwisho iliitwa kwa jina la mwisho wenyewe, na kutoka hapo ikawa faini.

Katika mahakama za Uingereza ya zamani neno hilohilo lilitaja pia mapatano ya kumaliza shauri la ardhi. Kuanzia mwaka 1195 mapatano hayo yaliandikwa mara tatu katika ngozi moja, mara mbili upande kwa upande na mara ya tatu chini, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi: kila mmoja wa wale wawili waliopatana alichukua kipande chake, na kile cha chini kikabaki serikalini, ili ukitokea ubishi vipande viletwe na kuonekana kama mawimbi yanaingiana. Hati hizo zilifunguliwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "haya ndiyo mapatano ya mwisho", na utaratibu huo ulifutwa mwaka 1833. Mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee, akaona mkosaji akitoa kitu ili shauri lifungwe na wagomvi wapeane mikono, hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini malipo yaitwe mwisho.

Kiswahili kilipoliazima neno hili kutoka Kiingereza kilichukua njia ya pili peke yake, tukapata faini. Kosa la wengi linaanzia hapo: tunalitazama neno la Kiingereza kwa jicho la neno letu.

Asili hiyo itakusaidia pia kuwatambua ndugu zake: "final" ni -a mwisho, "finish" ni maliza, "define" ni kueleza maana kwa kuiwekea mpaka, "confine" ni kuzuia ndani ya mipaka, "refine" ni kusafisha, na hata "finance", jambo la fedha, linatokana na kumaliza deni.

Hatua ya 7: Weka neno la Kiswahili, kisha isome sentensi kwa sauti

Andika tafsiri, isome, na umsomee yule mtu wa kazi niliyemtaja mwanzoni. Akisema "hatusemi hivyo", muulize wao husemaje, na uandike analosema. Kwenye stakabadhi ya dhahabu niliandika "uzito ghafi", "kiwango cha usafi" na "uzito wa dhahabu tupu" juu ya kila mstari kwa kalamu, na mchimbaji akaondoka nayo bila barua ya malalamiko.

Ukikwama

Sentensi ina "fined" lakini faini haieleweki. Angalia kama aliyeandika hakukusudia "find", kuona au kupata. Kwa masikio yetu sauti zake zinakaribiana, na katika ujumbe wa simu watu huzichanganya. Wakati uliopita wa "find" ni "found". Kwa hiyo "he was found" ni alionekana, na "he was fined" ni alitozwa faini.

Sentensi ina "finely". Hiki ni kielezi, na mara nyingi kinahusu udogo au ulaini: "finely chopped onions" ni vitunguu vilivyokatwa vipande vidogo sana. Mashine inayofanya kazi vizuri "works fine", wala haisemwi "works finely".

Neno limo katika karatasi ya muziki. Hapo si Kiingereza, ni Kiitaliano, na hutamkwa "fi-ne" kwa silabi mbili. Limetoka kwenye Kilatini kilekile na limebaki na maana yake ya kwanza, mwisho. Katika kwaya yetu tuliwahi kupokea wimbo wenye neno "Fine" juu ya mstari wa nne, na chini kabisa ya ukurasa "D.C. al Fine". Tuliimba Jumapili mbili tukilainisha sauti kwenye mstari wa nne, tukiamini tumeagizwa tuuimbe vizuri, kisha tukaendelea hadi chini na kunyamaza hapo. Mtunzi alikuwa ameagiza turudi mwanzo wa wimbo na kuishia kwenye mstari wa nne, kwa hiyo mara zote mbili washarika waliusikia wimbo usio na mwisho wake.

Neno lipo katika wingi, "fines", na hakuna mahakama wala kosa lililotajwa. Kabla ya kuandika "faini", tazama karatasi inahusu nini. Katika uchimbaji, "fines" ni chembe ndogo na vumbi linalobaki baada ya kuvunja au kuchekecha. "Coal fines" ni makaa ya mawe yaliyo kama unga, na wanaoshughulika na makaa ya Kiwira wanaweza kuhitaji kulijua hilo. Katika chai lipo neno "fannings", ambalo ni daraja la chai yenye chembe ndogo. Linafanana nalo kwa macho, lakini ni neno jingine kabisa.

Kamusi zote mbili hazina maana inayokaa katika sentensi yako. Rudi hatua ya 3, andika vinyume vinne au vitano katika daftari, kimoja chini ya kingine: -enye chenga, -nene, -chafu, -gonjwa, -enye mvua. Pitisha kila kimoja ndani ya sentensi. Kile kitakachoifanya sentensi iseme jambo linalowezekana, geuza kinyume chake, na hilo ndilo neno lako.